Honi ya Ng'ombe Langoni kwa Mzee Raymundi

Siku Josepha alipokutana na Eliya, alikuwa anakatiza barabara ya sokoni Kanyenye, ndoo ya asali mkononi, gauni la kitenge cha njano limemkaa sawasawa kiunoni, mara ng'ombe akalia nyuma yake. Si mbali, mgongoni kabisa. Josepha ni binti wa Usoke, amekulia kando ya zizi, na pembe za ng'ombe anazijua. Aliruka. Ndoo ikaenda zake.

Alipogeuka hakuona ng'ombe. Aliona gari jekundu lenye boneti ndefu, Mustang ya Kimarekani ya zama za mabibi zetu, usukani upande wa kushoto, linanguruma mpaka vioo vya maduka vinatetemeka. Ndani yake kijana ameziba mdomo kwa viganja.

"Wewe kaka, ng'ombe yuko wapi?"

"Samahani sana, dada yangu. Ni honi."

"Honi?"

"Haki ya Mungu. Nilikuwa namtania yule muuza nyanya. Ninayo nyingine inalia kama treni, na nyingine inapiga wimbo wa harusi."

"Na inayolia kama mtu mwenye akili huna?"

Soko likaangua kicheko. Kijana akashuka, ovaroli imelowa oili, akachukua shati lake safi kwenye kiti cha nyuma, akapiga magoti kufuta asali kwenye viatu vya Josepha. Hapo ndipo Josepha alipoona kwamba ana shingo nzuri. Mapenzi ya watu huanza na mambo ya ajabu, tusiulize sana.

Eliya alikuwa fundi umeme wa magari. Gari lile alilikuta limekufa nyuma ya ghala la mfanyabiashara Fakhrudin, kuku wanatagia kwenye viti. Akalinunua, akalifufua, akawa analikodisha kwa maharusi. Mwingine angetosheka na injini. Yeye aliagiza honi za vituko, akazifunga chini ya boneti, kila moja na kitufe chake. Tangu siku ile ya asali, kila asubuhi akipita mbele ya duka la Josepha la asali, ng'ombe analia, na Josepha anatoka mlangoni mikono kiunoni.

"Huyo ng'ombe wako ana njaa au ana wazimu?"

"Ana mapenzi, asali wangu."

"Usiniite asali. Asali nauza."

"Basi niuzie yote, leo ufunge duka mapema."

Josepha alijifanya amenuna, kisha kutwa nzima akatabasamu peke yake. Alimpenda Eliya, na mtaa mzima ulijua.

Ijumaa moja Eliya akapiga simu. "Kesho tunakwenda wapi, mrembo?"

"Kesho naenda Usoke. Kuna shughuli nyumbani, wageni wa dada Agnetha."

"Shughuli gani?"

"Shughuli tu. Tutaonana Jumatatu."

Hakusema kwamba ni siku ya kupokea ng'ombe wa mahari ya Agnetha. Angesemaje, na mwanamume mwenyewe hajawahi kutaja ndoa hata kwa bahati mbaya? Angeonekana anamtega. Akanyamaza.

Jumamosi mzee Raymundi, baba yake, alikaa uani na wazee wa ukoo, amevaa koti lake la kanisani ingawa jua lilikuwa linachoma. Ng'ombe walikuwa wanaswagwa kutoka Urambo, na walikuwa wamechelewa. Wazee walishaanza kutazamana. Mara nje ya lango ikasikika sauti nene ya dume lililoshiba.

"Wamefika!"

Vigelegele vikapasua anga. Wanawake wenye kanga mpya wakakimbilia langoni. Mzee Raymundi akaenda mwenyewe kufungua zizi. Hata Josepha, aliyeijua sauti ile kuliko yeyote, alipiga kigelegele, maana mawazo yake yote yalikuwa kwa dada yake. Lango likafunguka. Ikaingia boneti nyekundu, na nyuma ya usukani Eliya, shati jeupe limenyooshwa, maua mkononi.

"Nimekuja kukushtua, mpenzi!"

Vigelegele vilikatika. Mzee mmoja akakohoa. "Raymundi, huyu ndiye ng'ombe mwenyewe?"

"Shikamoo, mzee," Eliya akasema, tabasamu linamkauka.

Mzee Raymundi hakuiitikia. "Kijana, umeona mahari ya mwanangu ni mchezo? Ondoa chuma chako hapa. Nisikuone tena."

Eliya alimtazama Josepha. Josepha akatazama chini. Aibu ya baba yake ilimchoma, akajiambia kwamba mtu huyu amekuja kuwacheka kwao.

Jumatatu Eliya alipiga simu mpaka akachoka, Josepha hakupokea. Siku zilizofuata gari lilipita mbele ya duka, taratibu, bila sauti yoyote. Heena, muuza vitambaa wa duka la jirani, akachungulia.

"Josepha, ng'ombe wako amekufa?"

Josepha alicheka, halafu akaona analia. Akapiga simu.

"Mbona unapita kimya?"

"Nimezing'oa honi. Zote," Eliya akasema. "Josepha, ningejua wanasubiri ng'ombe, gari lile ningelisukuma kwa mabega."

"Na mimi nilikosea. Nilikuficha. Niliogopa utadhani nakudai ndoa."

"Kwani ulikuwa hudai?"

"Eliya!"

Akakata simu, mashavu yanawaka. Kesho yake gari halikupita kabisa. Mpaka saa sita Josepha alikuwa ameshaamini kwamba amemkimbiza mwanamume kwa mdomo wake mwenyewe. Ndipo baba yake alipopiga.

"Yule mtu wa chuma yuko hapa."

"Baba!"

"Kaja na basi, pamoja na mjomba wake. Ameomba radhi mbele ya wazee wote, akasema honi zake amezing'oa. Shikamoo yake nimeiitikia. Nimemwambia honi hizo azirudishe, ila ya ng'ombe isilie langoni kwangu mpaka ng'ombe wenyewe wawe zizini."

"Ng'ombe gani, baba?"

"Hilo muulize yeye. Amekuja kuniomba mimi. Nimemwambia mimi siolewi, aanze na mwenye kuolewa. Haya, chukua simu, kijana."

Simu ikakwaruza. "Josepha," Eliya akasema. "Wazee wote wananitazama."

"Si useme basi."

"Nataka kukuoa."

Dukani wateja walikuwa wamenyamaza kabisa, na Heena amesimama mlangoni na mkasi wake mkononi.

"Sema tena. Huku kuna kelele."

"Nataka kukuoa, Josepha!"

"Nilisikia hata ile ya kwanza," akasema, anacheka na kulia kwa pamoja. "Ndiyo, Eliya. Ndiyo."