Evodia Akubali Kuchoka

Soko la Majengo lilikuwa limefurika siku Evodia alipomkanyaga Octavian, fundi redio wa Kizota, akapita bila kuomba radhi. Octavian alimfuata na nyanya zilizodondoka kutoka kikapu cha Evodia. Akamkuta amevaa gauni jeupe la uuguzi, macho mekundu kama ametoka msibani. Evodia akacheka kwa aibu, na kicheko hicho kikamleta Octavian nyumbani kwa Evodia, mtaa wa Makole, kila Jumapili, shati limepigwa pasi, kaseti mpya mkononi.

Mapenzi yakakolea. Lakini ilikuwa miaka ile serikali inapunguza wafanyakazi, na wodi ya wazazi alimofanya kazi Evodia ilibaki na wauguzi wachache. Mwenzake akiugua, Evodia anabaki. Zamu ikiisha, anabaki. Octavian akipiga simu hospitali, anaambiwa yuko kazini. Akija nyumbani, anamkuta amelala na viatu. Siku waliyopanga kwenda Kongwa kwa mama yake Octavian, Evodia hakutokea, na alipoulizwa alijibu kwamba amesahau. Octavian akamwambia bila shaka amepata mpenzi mwingine, daktari, akaacha kuja. Kilichomtisha Evodia ni kwamba hakulia.

Wiki hiyohiyo mzazi mmoja kutoka Bahi, binti mdogo tu, alimshika mkono kwa uchungu. Evodia akampiga kofi mkononi. Binti akageukia ukutani. Mtoto alizaliwa salama, ila Evodia alikwenda kujificha stoo. Sista Joha, msimamizi wa wodi, akamfuata humo.

"Wewe si mkatili, mwanangu," alisema. "Umeishiwa nguvu. Nami niliona nikanyamaza, kwa kuwa nilikuhitaji."

Akampa likizo iliyokuwa imeahirishwa tangu mwaka uliopita. Akapanga upya zamu, akaagiza kwamba baada ya kazi ngumu wauguzi wakae pamoja wanywe chai, kila mtu aseme yaliyomsibu kabla ya kwenda nyumbani, na anayesema amechoka asiitwe mvivu. Kabla ya kuondoka, Evodia alikwenda kitandani kwa yule binti akamwomba radhi.

Alilala, akala, na asubuhi moja akiwa anafua akajikuta analia kwa kwikwi. Alipomaliza, akavaa kitenge chake cha kijani, akaenda Kizota.

"Hakuna daktari, Octa," alimwambia katikati ya redio zilizofumuliwa. "Nilichoka mpaka nikashindwa hata kukupenda."

"Mbona hukuniambia?"

"Muuguzi amwambie nani kwamba amechoka?"

"Aniambie mimi." Octavian akaweka chini bisibisi, akafuta mikono kwenye suruali. "Nilikuonea wivu badala ya kukuuliza, nisamehe. Nataka kukuoa, Evodia, niwe nakuuliza kila siku."

Moyo wa Evodia ukamwenda mbio, naye akafurahi kuusikia tena.

"Nimekubali," alisema. "Ila harusi isubiri kidogo. Nikirudi nataka kumshikia zamu Anyesi, mwenzangu wa wodini, naye apumzike. Yeye bado hajasema kitu, lakini sasa namwona."