Siku Tano Nilizomsingizia Marehemu

Nina umri wa miaka ishirini na moja, ni mwalimu wa skuli ya wasichana huku shamba, na kila ukiingia mfunguo mosi, wanawake wenzangu wanapoanza kulipa siku zao za Ramadhani, mie hujifungia chumbani nikalia. Majirani wanasema nna mapepo. Sina mapepo mie. Nna Zuhura.

Jina langu la kweli silitaji, kwani mama yangu yu hai na anapita njiani. Niiteni Mwanaisha. Niliyoyatenda nimekaa nayo miaka minne, yamenichosha, na leo nayasema. Mtakaonilaani nilaanini, lakini mkimaliza wafikirieni watoto wenu wanaosoma.

Nimezaliwa Uroa. Mama yangu anasokota kamba za makumbi mpaka viganja vyake vimekuwa vigumu kama makumbi yenyewe. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nikapata nafasi ya skuli mjini, na mama akanipeleka kwa Bi Rukia, binamu yake, mjane aliyekuwa akikaa Mkunazini, ghorofa ya tatu, ngazi zake nyembamba na za kwenda juu mtindo mmoja. Bi Rukia alikuwa na mtoto mmoja tu, Zuhura, hirimu yangu. Tulilala kitanda kimoja, tukachana nywele kwa kitana kimoja, na Bi Rukia nikawa namwita mama, kama anavyomwita Zuhura.

Na mama huyo alikuwa anajua kupika, Mungu shahidi wangu! Asubuhi mkate wa ufuta na maharage ya nazi. Mchana wali, samaki na mchicha. Jioni muhogo, au ndizi mbivu, au mkate wa kumimina. Sinia likiwekwa huondoki mpaka ushibe, na ukijifanya umeshiba anakutazama mkono. Alikuwa na neno lake: "Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Nyie hamjalewa bado, kuleni."

Alikuwa na sharti moja pia, na sharti hilo ndilo lililokuja kutuua. Alisema siku atakayoona kitabu kinatula miili yetu, kitabu atakifunga yeye mwenyewe. Zuhura atabaki ndani angoje mume, na mie ntarudi Uroa nikasokote kamba.

Tulipofika miaka kumi na saba ukawadia mwaka wa mtihani wa kuingia ualimu. Mabaraza yote ya mtaa yalikuwa yanazungumza uchaguzi na vyama... sie tunazungumza mtihani tu. Wanaochukuliwa ni wachache mno. Na siku yetu ilikuwa imejaa pomoni. Alfajiri tusome Kurani, asubuhi skuli, mchana tukune nazi na kuosha vyombo, alasiri darasa la kushona. Jumanne na Alhamisi tubaki skuli kwa mazoezi ya viungo, turuke kamba na kukimbia kwenye ua, Mwalimu Asya akitupigia filimbi. Kitabu tukishike saa ngapi?

Ramadhani ilikuwa imeisha. Mie nilikuwa na siku sita za kulipa, Zuhura tano. Tukafunga pamoja, tukazilipa kwa haki kabisa. Na katika siku zile nikagundua jambo... Mwenye kufunga haitwi jikoni! Mama alikuwa akituhurumia, akitwambia tupumzike. Hapana sinia la mchana, hapana nazi, hapana vyombo, hata darasa la kushona tunasamehewa. Toka adhuhuri mpaka magharibi wakati wote wetu, na kurasa zinakwenda.

Siku niliyomaliza ya sita nikamwambia Zuhura kesho tunafunga tena.

"Si tumeshamaliza?" akaniuliza.

"Nani atakayetuhesabia?" nikamjibu.

Na kweli, nani? Mambo ya udhuru wa mwanamke ni sitara. Hapana mama wa Unguja atakayekaa kibarazani kumhesabia mwanawe siku alizokula Ramadhani. Ukisema nalipa siku zangu, umeshasema, mtu anainamisha macho. Mie nikaichukua sitara ile, nikaifanya pazia la kufichia uwongo. Jumatatu tunalipa. Jumatano tunalipa. Wiki ikaingia nyengine, bado tunalipa!

Kisha nikaona mazoezi nayo yanatupotezea wakati. Tukamwambia Mwalimu Asya kuwa tuna udhuru, tumbo linauma, hatuwezi kuruka kamba. Akaturuhusu tukae kivulini na vitabu vyetu. Mnaliona hilo? Skuli tuna udhuru, nyumbani tumefunga! Mwenye udhuru hafungi, na aliyefunga hana udhuru. Lakini Mwalimu Asya hakuwahi kuzipanda ngazi za Mkunazini, wala mama hakuwahi kufika skuli. Nikajiona hodari kweli. Khaa! Hodari wa nini?

Wala hatukuwa tumefunga. Hatukutia nia, hatukula daku. Wakati wa mapumziko tulikuwa tunanunua maembe mabichi kwa chumvi na pilipili pale nje ya skuli, tunashushia na maji, basi. Hicho ndicho chakula chetu mpaka magharibi. Na futari ikiwekwa, mama kaipanga kwa moyo wake wote, sie tunakula matonge matatu, tumbo limeshasinyaa, tunakimbilia vitabu.

Mie ni mtoto wa shamba, nikakonda nikasimama hapo. Zuhura hakusimama.

Alianza kupumzika kwenye ngazi. Kwanza ghorofa ya pili, kisha ya kwanza, kisha kila vidato vitano, mkono kifuani, akisema moyo unampiga masikioni. Kucha zikamwia nyeupe. Yeye aliyekuwa akitushinda sote kwa kuruka kamba, sasa akiinuka kitini anashika meza.

Halafu likaja la ukuta. Kitanda chetu kilikuwa kimeegemea ukuta, na nyumba zile za zamani chokaa yake hubanduka. Siku moja nimeinamia hesabu nikasikia kitu kinavunjika menoni mwa mtu. Nikageuka. Zuhura anatafuna chokaa! Nikamuuliza ana wazimu? Akacheka kwa haya, akasema hata mwenyewe hajui, mwili unaitaka tu. Kila siku akawa anabandua kidogo, na pale ukutani, upande wake wa kitanda, pakafanya shimo. Likaingia kidole. Likaingia ngumi...

Nikauweka mto mbele yake mama asilione.

Jumanne moja Mwalimu Asya alimwita Zuhura, akamfunua kope za macho, akamtazama sana. Akaandika kikaratasi, akakikunja, akasema apewe mama yake leo hii. Njiani tukakisoma. Kilisema Zuhura hana damu, asimamishwe kusoma kwa muda, na apelekwe hospitali wiki hii hii.

Wasomaji wenzangu, hapa ndipo nilipomuuza dada yangu. Zuhura alitaka kukitoa. Mie nikaona mama anakisikia, anafunga vitabu vyote viwili, na mie nnapanda gari la shamba na kifurushi changu. Zilikuwa zimebaki wiki tano. Nikakichukua kikaratasi mkononi mwake, nikakitia ndani ya kitabu changu cha jiografia, nikamwambia, "Baada ya mtihani."

Akaniuliza ikiwa nna hakika. Nikamwambia nna hakika. Akaniamini... Angalau angegombana na mie! Zuhura hakuwa mtu wa kugombana.

Masika ikaingia na mbu wake, na homa ikapita nyumba hata nyumba. Mie ilinilaza siku tatu, nikanywa dawa chungu, nikainuka. Zuhura ilimlaza siku ile ile, asiinuke tena. Siku ya nne wanaume wa mtaa walimshusha ngazi zile amekalishwa kitini, kichwa kinamwangukia huku na huku, na mama nyuma yake na buibui kalivaa kinyume.

Hospitali daktari akauliza huyu mtoto alikuwa anakula?

"Alikuwa akifunga, daktari," mama akamjibu, na sauti yake ilikuwa na fahari ndani yake. "Mwanangu analipa siku zake."

Daktari akanigeukia mie. Nikaangalia miguu yangu.

Siku ya pili pale hospitali, mama alipotoka kwenda kusali, Zuhura alinishika mkono. Midomo imemkauka. Akasema, "Mwambie mama." Nikamwambia ntamwambia. Alfajiri ya kuamkia siku ya tatu akafariki. Homa ilimkuta mwili mtupu, daktari alisema, haikupata wa kupigana naye.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini tazameni dunia! Kilio kilikuja, wanawake wakajaa mpaka ngazini, na mie sikuumbuka. Walinipa pole nyingi kupita zote, kwa kuwa nimempoteza pacha wangu. Mwalimu Asya alipotokeza mlangoni nikamwahi mie, nikamwambia mama hawezi kusema na mtu. Akaninong'oneza, je, kile kikaratasi mama yake alikipata?

"Alikipata, mwalimu."

Wiki mbili na ushei baadaye nikaingia kwenye mtihani, nikafaulu! Matokeo yalipokuja nikapanda ngazi mbio nikamwambie Zuhura, nikafika kidato cha mwisho ndipo nikakumbuka. Nikakaa pale pale.

Arubaini ilipopita, mama aliniita. Nikaitika abee, nikaenda nikakaa mkekani. Akasema ana jambo la siri la kike, la kuniuliza mie tu. Mwenzangu amekufa hali yuko katika kulipa siku zake, naye hataki mwanawe aende na deni la Mungu shingoni. Wengine humtolea maiti kibaba cha mchele kwa kila siku, lakini yeye ni mama, atamfungia mwenyewe.

"Niambie, mwanangu. Zuhura kabakisha siku ngapi?"

Yarabi! Mlango ulikuwa wazi, nami nikaufunga kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia, "Tano."

Akaanza Jumatatu. Mwanamke mzima, mgonjwa wa majonzi, tangu msiba hajala la kueleweka. Nikamwona Jumatatu. Nikamwona Jumanne, amekaa dirishani midomo imempauka, na kila akiinuka anashika ukuta kama alivyokuwa akishika mwanawe. Mie nakula mchana wali alionipikia yeye, nami naujua ukweli. Na wali ule nikila!

Jumatano kabla ya magharibi aliingia chumbani kwetu kubadilisha shuka. Akauinua mto. Nikamwona amesimama. Akatia mkono ndani ya shimo, ukaingia mpaka kifundoni.

"Mwanaisha. Hili shimo la nini?"

Nikasema yote, toka siku ya sita mpaka "mwambie mama." Nikafungua kitabu cha jiografia, nikampa kikaratasi. Bi Rukia alikuwa akisoma herufi za Kurani, za skuli hazijui. Akanirudishia.

"Nisomee."

Nikamsomea. Kwa sauti yangu mwenyewe nikamsomea kwamba apelekwe hospitali wiki hii hii.

Akakaa kitandani upande wa Zuhura. Akauliza polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha njia, "Kwa hivyo mwanangu hakuwa amefunga."

"Hakuwa amefunga, mama."

"Alikuwa ana njaa tu."

Akalitazama tena lile shimo.

"Na mie nipo jikoni," akasema. "Sufuria limejaa."

Adhana ya magharibi ikalia. Nilidhani atanipiga, nilitamani anipige. Hakunigusa. Alikwenda akaleta sinia zima, muhogo wa nazi na samaki, akaliweka mbele yangu. Yeye akafungua kwa funda moja la maji.

"Kula," akaniambia. "Kula mpaka ushibe, mie nikuone."

Nikala nalia, yeye ananitazama mkono.

Alhamisi akaamka amefunga tena. Nikamwangukia miguuni, nikamkumbusha kuwa Zuhura hadaiwi hata siku moja. Akasema anajua. Siku mbili zilizobaki anafunga kwa ajili yangu, amwombe Mungu amwondolee chuki moyoni, kwani mie pia alinilea. Akazimaliza. Jumamosi akanifungia nguo zangu na mkate wa ufuta wa njiani, akanipakia gari la Uroa. Sijawahi kurudi Mkunazini, na salamu nnazompelekea hazijibiwi. Sijui kama Mungu alimkubalia dua yake.

Basi, mnaosoma nikusihini. Kitabu hakikimbii! Saa ya kula ule, saa ya mchezo ucheze, mwili ndio unaokibeba hicho kichwa mnachokijaza. Na ukiona mwenzio anapumzika kwenye ngazi, usimfichie siri, hata akikuomba, hata ikikupotezea nafasi yako. Nanyi wazazi, sitara ni njema, lakini hesabuni.

Haya nisingeyaandika maisha. Lakini juzi, wakati wa mapumziko, mwanafunzi wangu mmoja hodari kupita wote alikataa muhogo. Akasema amefunga, analipa siku zake. Na mtihani wao umekaribia.

Nikamuuliza, "Siku ya ngapi hii, mwanangu?"

Akaangalia miguu yake.