Usukani wa Gari la Baba Yake

Haya yalimpata rafiki yangu, yule msichana tuliyeacha naye shule. Sasa anajifunza ufundi kwenye gereji ya mjomba wake. Gari kuukuu la marehemu baba yake lilikuwa humo tangu ajali iliyomuua, na kesho yake lingechukuliwa na wanunuzi wa chuma chakavu. Yeye aliomba abaki na usukani tu, maana ndicho kitu cha mwisho baba yake alichokishika.

Umeme ulikuwa umekatika, na mlango ulifungwa kwa sababu ya mvua. Mjomba akamshikia tochi.

"Kaza mkono, fundi. Hiyo nati haijui kubembelezwa."

"Wala siibembelezi, Mjomba. Imeota kutu."

Alichomoa betri, akanyoosha magurudumu, akaifungua ile nati. Usukani ukatoka pamoja na shafti yake ndefu, ile inayouunganisha na magurudumu, akaubeba hadi mezani. Aliniambia hakuhisi chochote, hata huzuni.

Ndipo wakasikia tairi likisaga sakafu, polepole.

"Mjomba, nani anasukuma gari?"

"Hakuna mtu, mama. Tuko wawili tu."

Mjomba akamulika. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanakata kona yenyewe, kuelekea mlangoni. Na pale mezani, usukani ulikuwa unazunguka nayo.