Migomba ya Nyakisasa

Kicheko kilitangulia, chepesi, kikipenya kelele za bodaboda sokoni Ngara. Ndipo Anatory, mwalimu wa hisabati, alipomwona mwenye nacho: Josiane, kitenge cha manjano kiunoni, ameketi nyuma ya mikungu ya ndizi.

“Mwalimu, unanunua au unahesabu?”

“Nahesabu meno yako, mrembo.”

“Ya kuuza ni ndizi. Meno yangu yaache!”

Wakapendana. Simu zikawa ndefu. Jioni moja sauti ya Josiane ikashuka: migomba ya baba yake, mzee Nshimirimana wa Nyakisasa, imeanza kunyauka.

“Usimwambie mtu, mpenzi, wateja watatukimbia. Na baba anataka kuwapokea wazazi wako kwa pombe ya ndizi zake mwenyewe.”

“Siri yako ni yangu.”

Wiki hiyohiyo Anatory alifundisha logi. Wanafunzi walisinzia, naye akachora mgomba ubaoni.

“Huu unaumwa. Panga lisilopitishwa motoni linaambukiza mingine. Kila wiki migomba inayoumwa inaongezeka maradufu: mmoja, miwili, minne, minane. Shamba lina migomba mia tano kumi na miwili. Tuzidishe kwa mbili mara ngapi tufike hapo? Jibu ndilo logi.”

“Tisa!”

“Wiki tisa, shamba limekwisha! Waambieni wazazi wachome mapanga.”

“Mwalimu, ni kweli au unatutisha?” aliuliza Rozina.

Darasa zima lilikuwa macho. Anatory akalewa ushindi.

“Kweli tupu. Shamba lenyewe liko Nyakisasa, nyuma ya kanisa.”

Jumamosi alimkuta Josiane sokoni akiirudisha mikungu yake yote kwenye bodaboda. Hakuna aliyenunua.

“Josi, nilitaka kuwaokoa watu.”

“Kwa jina la baba yangu?”

“Sikumtaja!”

“Nyuma ya kanisa kuna shamba la nani jingine? Sasa wanasema sisi wa kutoka Burundi ndio tulioleta ugonjwa. Miaka yote hii tumeishi hapa, Anatory! Baba amemzika mama yake hapa.”

“Nitawaeleza. Hesabu ile…”

“Hesabu yako ni sahihi. Migomba umeihesabu. Maneno ya watu je, umeyahesabu?”

Simu ya Josiane ikaita. Akapokea, macho yake makavu yakimtazama Anatory.

“Shikamoo, baba. Ndiyo, yuko hapa mbele yangu. Usilie, baba. Nakuahidi, na yeye anasikia: huyu hataingia kwako kuposa, hata nizeeke peke yangu.”