Maumivu Aliyoyaficha Mfua Nguo

Mfua nguo alikuwa akikamua shuka uani. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Ghafla akaacha kazi, akashika ukuta.

"Una nini, mwanangu?" akauliza mama mkwe.

"Si kitu, mama. Jua tu."

Lakini jua lilikuwa halijafika uani. Uso wake ulikuwa umevimba, na shuka moja aliiona mbili.

Jirani yao, mkunga mstaafu, alikuwa amefuata nguo zake. Alimtazama, akatua kikapu.

"Kichwa kinakuuma, bibie?"

"Tangu juzi."

"Mbona hukwenda hospitali?"

Machozi yakamtoka. "Uzazi wa kwanza nililia kwa uchungu. Muuguzi akaniambia nadeka. Kitanda cha pili mke wa tajiri alilia kunishinda, akabembelezwa kama yai. Nikaapa sitasema tena."

"Aliyekudhalilisha alikukosea. Mola hakuumba mja wa kukanyagwa. Lakini sikiliza: mjamzito akiumwa kichwa kisichopoa, akavimba uso, macho yakaingia kiwi, hiyo ni hatari. Shinikizo la damu huweza kumtia kifafa, likamuua yeye na mtoto. Nendeni sasa hivi!"

"Wakinifokea?"

"Ni haki yako kusikilizwa, kusitiriwa, na kuelezwa kabla ya kuguswa. Mama mkwe aingie nawe. Mimi nitabaki na mwanao mkubwa."

"Niingie na mdomo wangu huu?" akauliza mama mkwe.

"Huo huo, bibi. Ila uupake asali."

Hospitalini, kwenye mapokezi, muuguzi hakuinua uso. "Benchi lile. Ninyi wa mtaa wa chini hamuishiwi visababu."

Miguu ya mfua nguo ilianza kuelekea kwenye benchi. Mama mkwe akamshika mkono.

"Mwanangu muuguzi, hatukuja kugombana. Msikilize tu. Sema, mkwe wangu."

Mfua nguo akaisogelea meza.

"Kichwa kinaniuma tangu juzi. Kitu kimoja nakiona viwili. Naomba unipime."

Muuguzi alimpima. Rangi ikamtoka.

"Leteni kitanda! Upesi!" Kisha akainama. "Nisamehe, dada. Hii sindano ni ya kuzuia kifafa. Nikuchome?"

"Nichome."

Pazia likavutwa. Kwa rehema za Mola, jioni ile alizaliwa mtoto wa kike, mdogo wa mwili, mkubwa wa sauti.

Aliporudi kliniki na mwanawe, mfua nguo alimkuta mjamzito kwenye benchi lile, amejishika kichwa.

"Una nini, mwenzangu?"

"Si kitu. Jua tu."

Mfua nguo akampa mkono. "Inuka. Twende tukaseme."