Kishikizi Kilichopigwa Msasa

Asubuhi hiyo Chiriku alichovya mkate kwenye chai mpaka ukalegea, kama mtu asiye na meno. Alikuwa na miaka kumi na tisa na meno yake yote alikuwa nayo. Tena yalikuwa yamenyooka kuliko ya mtu yeyote nyumbani humo, maana yalifungwa waya miaka miwili na miezi minne. Sasa ulikuwa mwezi wa tano tangu waya zitolewe.

Baba yake, seremala, alimwuliza kama taya bado linauma. Chiriku akaitikia kwa kichwa, kisha akagusa panja, kando ya macho, kuonyesha kwamba na huko kunauma. Waliompa jina hilo la ndege walikuwa hawajakosea, maana alikuwa haishiwi maneno. Lakini siku hizi hakuzungumza mpaka jua liwe kali.

"Ni minyoo," alisema shangazi yake, ambaye alilala naye chumba kimoja. "Usiku anasaga meno kama kinu cha kokoto. Sisi tangu wadogo tunajua, anayesaga meno ana minyoo."

"Shangazi, mwaka huu nimemeza dawa ya minyoo mara tatu. Kama kuna mnyoo aliyebaki, basi na yeye anaumwa kichwa."

Seremala alicheka, lakini hakucheka sana. Alikuwa na jambo lake moyoni.

Siku waya zilipotolewa, mhudumu wa kliniki aliwapa kikasha kidogo. Ndani yake mlikuwa na kishikizi, yaani plastiki nyembamba inayoonyesha kama kioo, iliyofinyangwa kwa umbo la meno ya Chiriku. "Avae usiku," mhudumu alisema, akamwita mgonjwa mwingine. Maneno mawili tu, baada ya miaka miwili. Akawapa na karatasi, imeandikwa kwa lugha ya kigeni, herufi ndogo kama chawa.

Seremala hakusahau. Alikumbuka sauti ya mhudumu yule, kama alivyomkumbuka mwalimu aliyemwita bintiye Shoka mbele ya darasa zima, kwa ajili ya meno yake yaliyochomoza kabla ya waya. Wako watu waliosoma wanaoatamia elimu kama kuku anavyoatamia mayai. Wakikusikia unakaribia, wanakudonoa. Kisha ukikosea, wanakucheka.

Na yeye alikuwa amekosea. Chiriku alikwenda kukaa kwa ndugu wiki tatu, akasahau kishikizi nyumbani. Aliporudi, kilimbana mpaka akatokwa machozi. Seremala alikuwa ametengeneza milango kwa miaka ishirini na sita. Mlango ukibana, alijua la kufanya. Alichukua msasa laini, akakisugua kishikizi kwa ndani, taratibu, akapuliza vumbi, akamwambia binti ajaribu tena. Kikaingia bila shida. Siku ile alijiona fundi kweli.

Sasa kishikizi kilicheza mdomoni, na upande wa magego kilikuwa kimetoboka. Jana yake seremala aliona jino moja la mbele limeanza kumwegemea mwenzake. Chiriku naye aliliona kwenye kioo. "Baba, mimi sirudi kwenye waya," alisema. "Miaka miwili mingine siiwezi." Seremala hakulala vizuri.

Kwa hiyo, baada ya chai, alimchukua binti na kile kikasha, wakaenda kazini kwa jirani aliyeitwa Mama Meno. Huyu hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa kutengeneza meno bandia na vifaa vya mdomoni, katika chumba cha nyuma cha hospitali. Seremala alipoingia alishangaa. Kulikuwa na jiliwa la kubania vitu mezani, tupa za kila ukubwa, na vumbi jeupe la plasta kila mahali. Rafuni ilipangwa mifano ya meno ya watu, kila mmoja na namba yake. Ilikuwa karakana kama yake.

Labda ndiyo sababu alisema yote. Hata la msasa alilisema, akiangalia sakafu.

Mama Meno hakumcheka. Alikigeuza kishikizi kwenye mwanga wa dirisha.

"Fundi, wewe ukitengeneza mlango, fremu haitembei," alisema. "Meno yanatembea. Yakitoka kwenye waya, mfupa unaoyashika bado haujatulia. Hiki kilimbana kwa sababu meno yalishaanza kusogea zile wiki tatu. Kubana kulikuwa ni habari. Ulipopiga msasa, ulifuta habari."

"Kwa hiyo nimeyaharibu mimi."

"Hukuyaharibu peke yako. Kuna aliyekueleza haya?"

Seremala alitikisa kichwa. Ni swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza.

Mama Meno akawaeleza. Kishikizi chembamba kina kazi moja, kushika meno yasirudi. Hakikutengenezwa kwa mtu anayesaga. Usiku taya lina nguvu kuliko linapotafuna chakula, na mwenyewe hana habari. Dalili ndizo hizo za Chiriku: taya na panja kuuma asubuhi, ncha za meno kulika zikawa bapa, maji baridi kuchoma. Kusaga si minyoo. Minyoo hutibiwa mtu akipimwa akakutwa nayo. Kusaga huweza kuletwa na mawazo mengi, usingizi mbaya, au kahawa na sigara jioni.

Akawaambia waende kwa daktari wa meno siku hiyohiyo, wasisubiri. Iko kinga ya usiku, nene na ngumu, inayopimwa mdomoni mwa mtu mwenyewe. Inaweza kushika meno na kuyakinga kwa pamoja. Ile ya kuchemshwa na kung'atwa, inayouzwa madukani, wasiinunue, maana kwa meno yaliyotoka kwenye waya inaweza kuyasogeza.

"Ioshwe kwa maji baridi na mswaki laini," alisema. "Maji ya moto yanaipinda. Ikibana au ikicheza, muilete hapa. Msasa ubaki kwenye mbao."

Daktari, kwenye kliniki ileile ya waya, alisema jino lilikuwa limesogea kidogo tu. Wangechelewa zaidi, waya zingerudi. Alichukua vipimo vipya, na baada ya siku chache Mama Meno akamaliza kinga. Chiriku aliivaa kila usiku. Aliacha kahawa ya jioni. Wiki ya tatu alianza kuongea asubuhi, na shangazi akalalamika kwamba nyumba imekuwa na kelele.

Baada ya miezi mitatu walirudi kupimwa. Daktari aliinua kinga kwenye taa. Ilikuwa imejaa mikwaruzo. Meno hayakuwa na mkwaruzo mpya hata mmoja, na lile la mbele lilikuwa limesimama pale pale.

"Bado unasaga," daktari alimwambia Chiriku. "Ila sasa unasaga plastiki."

Walipotoka, mlangoni walikutana na mama mmoja na mwanawe, aliyetolewa waya asubuhi hiyo. Mama alishika kikasha na karatasi ya herufi ndogo. Seremala alimsalimia, akamwuliza ameambiwa nini.

"Wamesema avae usiku, kaka."

"Basi?"

"Basi."

Seremala alimwambia Chiriku amsubiri. Akamfungulia yule mama mlango waliotokea.

"Turudi ndani, dada. Wana maneno mengi zaidi ya hayo. Hatutoki mpaka wayaseme."