Mvumo Chini ya Wimbo

Santuri ilikuwa na joto.

Si joto la kuunguza; joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Sikio aliigeuzageuza mkononi, kisha akatazama kiyoyozi. Kilikuwa kinanguruma kama kawaida. Maktaba ya sauti ya redio ilikuwa na baridi ya mochwari mwaka mzima, kwa sababu waraka mmoja wa zamani uliagiza hivyo, na aliyeutia sahihi alishafariki, kwa hiyo hapakuwa na mwenye mamlaka ya kuufuta.

"Labda nimeishika sana," alijisemea, ingawa ndiyo kwanza alikuwa ameitoa kwenye ganda lake.

Jina la Sikio alipewa na wafanyakazi wenzake, nao walimaanisha heshima. Kazi yake ilikuwa kuingiza santuri kongwe kwenye kompyuta na kuzisafisha mikwaruzo na vumbi la miaka. Hii ya leo alikuwa ameitamani tangu utotoni: "Mlango wa Nyuma", wimbo wa Radi Kavu, bendi ya roki ambayo baba yake alipigia gitaa la besi. Wimbo huo ulitoka peke yake kwenye santuri ndogo, kati ya albamu ya kwanza na ya pili, na haukuwekwa kwenye albamu yoyote. Magazeti yaliandika kwamba bendi iligombana na kampuni. Baba, kila alipoulizwa, alijibu tu, "Ulikuwa mbaya," kisha akaendelea kuvuma.

Maana baba alikuwa mtu wa kuvuma. Sauti moja nzito, mdomo umefumbwa: akinyoa ndevu, akisoma gazeti, hata usingizini. Marehemu mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye ameolewa na friji.

Sikio akaweka sindano. Gitaa likaingia, ngoma zikafuata, mwimbaji akapaza. Na chini ya vyote, mvumo usiokoma, kama wa nyaya mbovu za umeme. Wimbo ulikuwa mtamu kweli! Kilichouharibu ni mvumo huo tu, na waraka wa maadhimisho ya kuanzishwa kwa redio, ambayo nyimbo hizo zilikuwa zikiandaliwa, ulikuwa wazi: kelele zote zisizo muziki ziondolewe. Akauwekea alama, akabofya, ukatoweka.

Akausikiliza upya kwa hedifoni, na pale mvumo ulipokuwa, palikuwa na mtu wa pili anaimba.

Haikuwa sauti ya mwanamume wala ya mwanamke. Mwanzoni ilimfuata mwimbaji kwa nyuma kidogo, kama mtoto anayejifunza maneno. Lakini kwenye kiitikio ikamtangulia. Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Sikio akazivua hedifoni, lakini sauti haikubaki humo; iliendelea kuimba chumbani.

Simu ikaita. Alikuwa shangazi, dada yake baba, aliyekuwa akikaa na baba nyumbani.

"Mwanangu," alinong'ona, "baba yako amenyamaza."

"Amelala?"

"Yuko macho! Anavuta pumzi kama mtu aliyekabwa. Anataka simu. Haya, kaka, sema naye."

Sauti ya baba ilitoka kwa shida, kama inapitishwa kwenye tundu la ufunguo.

"Umeutoa mvumo."

"Ulikuwa kelele, baba."

"Ulikuwa mimi." Akahema. "Siku ya kurekodi tulikuwa na mwimbaji mmoja. Tuliposikiliza, walikuwa wawili. Mganga akasema hilo jini halitoki tena, limeshahamia kwenye wimbo. Kilichobaki ni kulifunika: mmoja wetu avume juu yake, na akishaanza asikae kimya maisha yake yote. Nikavuma. Kampuni ikautoa hivyo hivyo. Kwenye albamu tukakataa. Mwanangu, urudishe kabla watu hawajausi..."

Simu ikaanguka. Shangazi alikuwa akiliita jina la Mungu kwa kelele.

Sikio akaukimbilia ule wimbo kwenye kompyuta, lakini haukuwepo. Mfumo mpya, fahari ya mkurugenzi, ulipeleka kazi iliyosafishwa moja kwa moja kwenye matangazo bila kupitia mkono wa mtu. Akapanda ngazi mbili mbili hadi ofisini kwa mkurugenzi.

"Mzee, ule wimbo wa Radi Kavu usipigwe!"

"Una kasoro?"

"Una mtu ndani."

Mkurugenzi akavua miwani. "Mtu gani? Ana hakimiliki?"

"Mzee, baba yangu anakata roho!"

"Pole sana. Ruhusa ya dharura nakupa sasa hivi. Ila wimbo ukishaingia kwenye mfumo, kuutoa ni mpaka kamati ikae, na mwenyekiti yuko semina."

Kwenye spika ya ukutani mtangazaji alikuwa tayari anausifia: wimbo adimu, leo kwa mara ya kwanza msafi kabisa. Gitaa likaingia.

Sikio alikimbia koridoni huku ile harufu ya nywele ikikimbia mbele yake, na kila mlango alioupita ulikuwa na spika, na katika kila spika ile sauti ilikuwa imeshaacha kujifunza na sasa ilikuwa inafundisha, mpaka akausukuma mlango wa studio, akamkuta mtangazaji amejikunyata kwenye kona, mikono masikioni, na kiti cha mgeni kando ya meza kikizunguka polepole bila mtu, akaifungua maikrofoni, akafumba mdomo, akavuma kama alivyomsikia baba akivuma siku zote za maisha yake, na ile sauti ikamjia sikioni karibu hata akahisi ulimi wake ukimgusa, ikamwita kwa jina la utani alilopewa na mama akiwa mchanga, ikamwambia pumzika, pumzika kidogo tu, naye akavuma, machozi yakimtiririka, mpaka ngoma ya mwisho.

Kiti kikasimama.

Mtangazaji akainuka, akaweka tangazo la sabuni, akafunga maikrofoni. "Dada," alisema, "wasikilizaji watadhani studio tumeweka friji."

Sikio alicheka, akalia, akapokea simu iliyokuwa ikitetemeka mfukoni.

"Amepona!" shangazi alisema. "Anapumua vizuri, rangi imerudi. Amelala, mwanangu. Kimya kabisa, kama mtoto."

"Kimya?"

"Kimya kabisa! Sijamwona hivi tangu ujana wake."

Sikio akataka kushukuru, akanyamaza. Katika kimya hicho, karibu kabisa na shingo yake, mtu akavuta pumzi ndefu, kama waimbaji wanavyovuta kabla ya kiitikio. Akanyoosha mkono taratibu, akagusa kiti cha mgeni. Kilikuwa na joto.

"Haloo?" shangazi aliita. "Mwanangu, upo? Mbona na wewe unavuma?"